Simu ya Mkononi kama Ofisi: Gharama, Kumbukumbu na Saa za Kazi kwa Wafanyakazi wa Mbali nchini Uganda

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna mawasiliano ya kazi yanayotanguliza simu ya mkononi yanavyomhamishia mfanyakazi wa mbali mizigo ambayo zamani ilibebwa na ofisi. Kwa kutumia mfano wa Uganda, makala yanachambua mambo matatu: malipo ya data, uhifadhi wa kumbukumbu na mipaka ya saa za kazi. Hoja kuu ni kwamba mizigo hiyo haina budi kugawanywa kwa mwongozo wa maandishi badala ya kuachiwa mazoea.

Utangulizi

Kazi ya mbali ni ile inayofanyika nje ya ofisi wakati wote, ilhali kazi mseto huchanganya siku za ofisini na siku za nje. Istilahi hizi zilienea baada ya Machi 2020, pale janga la UVIKO-19 lilipowalazimu watu wengi kufanyia kazi nyumbani. Hata hivyo, kwa afisa ugani wa kilimo, wakala wa bima au mwandishi wa habari wa wilayani, kazi ilikuwa nje ya ofisi tangu awali, na chombo chake kikuu kilikuwa simu.

Kutanguliza simu si kuihamishia barua ndefu ya ofisi kwenye kioo kidogo. Ni kupanga mawasiliano kwa kuanzia hali halisi ya mtumiaji: betri inayoisha, mtandao unaokatika na kifurushi chenye kikomo. Mpango usiozingatia hali hiyo humwachia mfanyakazi pengo alizibe mwenyewe.

Nani hulipia data?

Tarehe 1 Julai 2018, Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila mtumiaji wa mitandao ya kijamii, ikiwemo WhatsApp. Mfanyakazi aliyetakiwa kuwemo katika kundi sogozi la ofisi kwa siku 26 za mwezi alilipa shilingi 5,200 kabla hajanunua data yenyewe. Julai 2021 kodi hiyo ilifutwa na nafasi yake ikachukuliwa na ushuru wa asilimia 12 kwenye data ya intaneti. Kodi ilibadilika sura, lakini pale ambapo mwajiri hatoi posho ya mawasiliano, mlipaji alibaki yuleyule.

Ofisini, mwajiri hulipia umeme na intaneti bila kuulizwa. Nje ya ofisi, kikao cha video kinachoitishwa kwa dakika tano za taarifa hulipiwa na kila anayehudhuria. Taarifa hiyohiyo ikiandikwa kwa aya mbili hugharimu sehemu ndogo sana ya data. Kwa hiyo, uchaguzi wa njia ya mawasiliano ni uamuzi wa kifedha, ingawa anayeuamua mara nyingi siye anayeulipia.

Kuna pia hatari ya kukatika. Kuanzia mkesha wa uchaguzi wa tarehe 14 Januari 2021, intaneti ilizimwa nchini humo kwa takriban siku tano. Taasisi iliyoweka shughuli zake zote ndani ya programu moja haikuwa na mlango wa pili. Simu ya sauti na ujumbe mfupi wa herufi 160 havihitaji kifurushi cha data na hufanya kazi hata kwenye simu ya vitufe. Ndiyo maana vinastahili kubaki katika mpango.

Kumbukumbu hukaa wapi?

Tangu 2016, ujumbe wa WhatsApp husimbwa kwa namna ambayo mtumaji na mpokeaji pekee ndio wanaoweza kuusoma. Usiri huo una manufaa, lakini matokeo yake kiutawala ni kwamba agizo la kazi hukaa katika simu za watu binafsi, si katika jalada la taasisi. Simu ikipotea au mhusika akiacha kazi, agizo huondoka naye. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

Upande wa pili wa tatizo ni taarifa za wateja kubaki katika simu ya aliyekwisha kuacha kazi. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inaitaka taasisi inayokusanya taarifa binafsi izilinde. Wajibu huo ni mgumu kutekelezwa iwapo taasisi haijui taarifa zenyewe ziko katika simu ngapi.

Siku ya kazi huisha lini?

Sheria ya Ajira ya 2006 inaweka saa 48 kwa wiki kuwa kikomo cha kawaida cha kazi. Ni rahisi kukipima pale mfanyakazi anapoingia na kutoka mlangoni. Ujumbe wa mkuu wa idara unaofika saa tatu usiku hauna mlango. Hata usipodai jibu la papo hapo, heshima kwa mkubwa humfanya mdogo ajibu.

Ufaransa imeyataka makampuni yenye wafanyakazi 50 au zaidi kujadiliana kuhusu haki ya kujitenga na mawasiliano ya kazi, kuanzia Januari 2017. Nchini Kenya, muswada wenye lengo kama hilo uliwasilishwa katika Seneti mwaka 2022. Wapo wanaopinga wakidai kwamba uhuru wa kupanga saa ndio faida kuu ya kazi mseto. Mzazi aliyewahudumia watoto alasiri huenda akapenda kuandika usiku. Hoja hiyo ina uzito. Jibu lake ni kutenganisha saa ya kutuma na saa ya kudaiwa jibu, badala ya kupiga marufuku utumaji.

Hitimisho

Mwongozo unaofaa unaweza kutosha katika ukurasa mmoja, mradi ueleze mambo manne: posho ya data inalipwa na nani, njia mbadala ni ipi mtandao unapozimwa, uamuzi uliofikiwa katika kundi sogozi unaingizwa jaladani ndani ya muda gani na nani, na jibu linadaiwa kati ya saa ngapi na saa ngapi. Washauri wa sera wanaweza kuanza na taasisi za umma, kwa kuwa huko serikali yenyewe ndiyo mwajiri na haihitaji kusubiri sheria mpya.