Namna Askari wa Vifaru Wanavyojifunza Kazi ya Usiku

Leo tunaeleza kidogo juu ya vifaru, yale magari ya chuma yenye mzinga ambayo kwetu wengi wanaita char. Tuchukue mfano wa Marekani. Kule Fort Irwin, katika jangwa la Mojave, vikosi vizima vinafanya mazoezi mchana na usiku.

Kifaru cha M1 Abrams kina watu wane: mkubwa wa gari, mpiga mzinga, mwenye kujaza mzinga na shofere. Usiku hawawashi taa kubwa, kwa sababu adui ataziona toka mbali. Sasa wanaonaje?

Kwanza, macho. Jicho la mtu linahitaji karibu dakika 30 kwa kuzoea giza. Taa kali ikipita mara moja tu, ni kuanza tena. Ndiyo maana ndani ya gari wanatumia taa hafifu. Tena usiku usikazie kitu macho. Tazama pembeni yake kidogo, utakiona vizuri zaidi. Jaribuni mbele ya bweni, usiku usio na mwezi.

Pili, vyombo. Kimoja kinaongeza mwangaza mdogo wa nyota, lakini hakionyeshi vizuri umbali wala kina cha shimo. Juu ya hiyo shofere anajifunza kwenda pole pole. Kingine kinaona joto: injini na mwili wa mtu vinang'aa hata katika giza na moshi.

Lakini shida kubwa iko hapa: chombo cha joto hakionyeshi rangi wala bendera. Katika vita ya Ghuba ya mwaka 1991, askari 35 wa Marekani waliuawa na silaha za wenzao, na 72 waliumizwa. Mengine ya makosa hayo yalifanyika usiku.

Kwa hiyo askari wanajifunza kwa picha sura ya joto ya kila gari, la kwao na la adui. Mkubwa wa gari anajifunza kuuliza kwa redio wenzake wako wapi, mbele ya kusema "piga". Na katika mazoezi wanapiga kwa mwangaza wa laza, si kwa risasi, ili kosa lifundishe bila kuua.

Basi tuseme hivi: kuona ni jambo moja, kutambua ni lingine. Usiku, uhai wa mwenzako uko kati ya hayo mawili.