Kabla mwanao hajaruka majini

Shule zikifungwa, watoto huwa hawana wimbo mwingine ila kidimbwi cha kuogelea. Mzazi, umelipa kiingilio. Je, umeyatazama maji yenyewe?

Simama ukingoni, upande wa kina kirefu. Usipoiona sakafu, rudi na mwanao nyumbani. Mtoto akizama katika maji yenye ukungu, hata mwokoaji hodari hatamwona. Tena anayezama aghalabu hapigi kelele. Hutoweka kimya kimya.

Usidanganywe na harufu kali inayowasha macho. Wengi hudhani ni dalili ya usafi, kumbe ni klorini iliyochanganyika na jasho na mkojo wa waogeleaji. Ndiyo sababu unatakiwa kuoga kwanza. Maji yafaayo huwa na klorini kiasi cha miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na msimamizi hupaswa kuyapima kila siku. Muulize, ni haki yako.

Nawe una wajibu. Mtoto anayehara asiingie majini, kwani vijidudu vingine huishi siku kadhaa hata penye klorini.

Na ikiwa hapana mwokoaji? Ondokeni. Kiingilio hurudishwa, uhai haurudi.