Mathias Kiwanuka na Elimu ya Kulinda

Sifa katika mchezo wa mpira huwaendea wafungaji upesi kuliko walinzi, na hapa Kindu, ambako mashabiki wa Maniema Union huweza kulitaja jina la mfungaji wa bao kwa muda mrefu baada ya mechi kwisha, si wengi watakaomkumbuka beki aliyelizuia bao la wapinzani katika dakika ya mwisho. Hali hiyo ipo pia katika futiboli ya Kimarekani. Mkongo anayetajwa mara kwa mara katika habari za mchezo huo ni Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa, ambaye klabu ya Carolina Panthers ilimchagua mwaka 1996, naye alikuwa mshambuliaji, kazi yake kubeba mpira na kukimbia nao. Leo nakusudia kueleza habari za mlinzi, Mathias Kiwanuka, ambaye nasaba yake ni ya majirani zetu wa Uganda, kwa kuwa maisha yake yanabainisha kazi ya ulinzi kuliko maelezo matupu ya kanuni.

Inafaa kwanza tuufahamu mchezo wenyewe. Uwanja una yadi 100, yaani takriban mita 91, baina ya mstari wa lango moja na wa lango la pili, na kila upande una watu 11. Lakini wale 11 wanaoshambulia si wale wanaolinda, maana mpira unapohamia kwa wapinzani kikosi kizima hutoka na kingine huingia. Wenye mpira hupewa majaribio 4 ya kusogea mbele yadi 10, ambazo ni kama mita 9 na kidogo. Wakifaulu hupata majaribio mengine 4, wakishindwa mpira huchukuliwa na wenzao. Mashambulizi hayo huongozwa na mtu mmoja, mrushaji, ambaye hupokea mpira nyuma ya safu ya watu wakubwa wanaomkinga, akatazama, kisha akaurusha kwa mwenzake aliye mbali au akampa mkimbiaji aliye karibu. Kumwangusha mrushaji kabla hajauachia mpira ndiyo fahari ya mlinzi, na tendo hilo huhesabiwa kwa uangalifu hata wawili wakimwangusha pamoja kila mmoja huandikiwa nusu.

Kiwanuka alizaliwa mwaka 1983 katika mji wa Indianapolis, Marekani, katika ukoo wenye taadhima kubwa nchini Uganda. Babu yake, marehemu Benedicto Kiwanuka, kiongozi wa chama cha Democratic Party, alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi hiyo mwaka 1962, miezi michache kabla ya uhuru. Baadaye akawa Jaji Mkuu, na Septemba 1972, muda mfupi baada ya kuamuru aachiliwe mtu aliyezuiliwa kinyume cha sheria, akatekwa na watu wa Idi Amin katika Mahakama Kuu ya Kampala, asionekane tena. Haijuzu kulinganisha mchezo na damu iliyomwagika. Ila ni wajibu kulitaja jambo hili, kwa sababu jina alilolivaa mgongoni kijana huyo lilikuwa limekwisha kulipiwa thamani kabla yeye hajazaliwa.

Alisoma Boston College, akaondoka chuoni akiwa amewaangusha warushaji wengi kuliko mwanafunzi yeyote aliyemtangulia hapo. Mwaka 2006, klabu zilipowachagua kwa zamu vijana waliotoka vyuoni, New York Giants ilimtwaa akiwa wa 32, wa mwisho katika duru ya kwanza. Nafasi yake ilikuwa ukingoni mwa safu ya mbele ya ulinzi, ambako mtu huinama mkono ukigusa ardhi, na mpira ukianza humzunguka au humsukuma mkingaji aliye mbele yake ili amfikie mrushaji.

Novemba ya mwaka huo Giants waliizidi Tennessee Titans kwa pointi 21 kwa 0 hata wakaingia robo ya mwisho ya mchezo. Titans walipofikia jaribio la nne, na yadi 10 bado mbele yao, Kiwanuka alimkamata mrushaji Vince Young mikononi. Lakini akidhani mpira umekwisha kurushwa, na akijua kwamba kumwangusha mrushaji baada ya hapo huadhibiwa kwa yadi 15 na majaribio mapya, akamwachilia. Mpira ulikuwa ungali kwa Young, naye akakimbia, na Titans wakashinda 24 kwa 21. Waliomlaumu walisahau kwamba mlinzi hutakiwa awe na nguvu za kuangusha na hadhari ya kutii kanuni, vyote viwili katika nukta moja ya wakati, ilhali macho yake yamezibwa na miili ya watu.

Mwaka 2007 ukaleta mtihani wa namna nyingine. Giants walikuwa na Michael Strahan na Osi Umenyiora kwenye kingo zote mbili, kwa hiyo Kiwanuka akaombwa arudi nyuma, awe mlinzi wa safu ya pili. Mlinzi wa nafasi hiyo husimama wima, huzisoma nia za washambuliaji, na huamua papo hapo kama atasonga kumkabili mkimbiaji au atarudi nyuma kumzuia mpokeaji. Almuradi yule aliyefundishwa kwenda mbele daima sharti ajifunze kungoja. Aliikubali kazi hiyo, hata Novemba akavunjika mguu, na Februari 2008 wenzake walipoishinda New England Patriots 17 kwa 14 katika fainali ya Super Bowl yeye hakuweza kucheza. Kabla ya msimu uliofuata Umenyiora akaumia goti, na Kiwanuka akarudishwa ukingoni, akawaangusha warushaji mara 8. Mwaka 2010 ukaja ugonjwa wa shingo uliomweka nje baada ya mechi chache za mwanzo. Mwaka 2011 akarejea, na kwa mara nyingine akapelekwa safu ya pili. Msimu huo uliishia Februari 2012 mjini Indianapolis, mji aliozaliwa, ambako Giants waliwashinda tena Patriots, 21 kwa 17, safari hii naye akiwamo uwanjani.

Alicheza misimu 9, yote katika klabu moja, hadi alipoachwa mwaka 2015, akiwa na hesabu ya kuangusha warushaji mara 38 na nusu. Hesabu hiyo pekee haimdhihirishi, kwa kuwa kila msimu alioutumia safu ya pili ulimpunguzia nafasi za kuiongeza, naye alijua hivyo alipokubali. Sifa ya mlinzi hupungua machoni pa watu kadiri anavyotumikia haja za wenzake, na hapo ndipo thamani yake ya kweli inapozidi.

Kwa sababu hiyo nawasihi walimu wa michezo wa Kindu, wafundishao mpira wa miguu au mchezo mwingine wowote, wamzoeze kila kijana nafasi mbili tangu utotoni, na siku ya kutoa pongezi wasimsahau yule aliyehamishwa kwa ajili ya wenzake akaitika bila kunung'unika. Timu isiyo na mtu wa namna hiyo haitadumu, hata ikiwa na wafungaji hodari namna gani.