Kompyuta Chakavu: Nyaya Zichunwe, Zisichomwe

Katika mitaa ya Tandika, Mbagala na Buza, kompyuta iliyokufa haikai ndani muda mrefu. Mnunuzi wa vyuma chakavu hupita na mkokoteni, hupima kwa mzani, na bei huafikiwa mlangoni. Kazi hii inawapatia vijana wetu kipato na inapunguza mzigo wa taka unaopelekwa dampo la Pugu Kinyamwezi. Tatizo huanza pale bisibisi inapowekwa chini na kiberiti kuchukuliwa.

Nyaya huchomwa ili plastiki iishe upesi na shaba ibaki. Plastiki hiyo ikiungua hutoa dioksini, sumu inayosababisha saratani na inayodumu kwenye udongo kwa miaka mingi. Mwaka 2019 ilitolewa taarifa ya watafiti waliopima mayai ya kuku wa kienyeji karibu na Agbogbloshie, eneo la skrapa jijini Accra, Ghana, ambako nyaya zilichomwa kwa miaka. Mayai hayo yalikutwa na dioksini kwa kiwango cha juu mno. Nasi kuku wetu hudonoa uani humo humo tunamochomea.

Kuchoma hakuna hata faida ya biashara. Shaba iliyoungua huwa nyeusi, na mnunuzi huishusha daraja. Iliyochunwa kwa kisu hung'aa na huuzwa kwa bei nzuri zaidi. Ni kweli kuchuna kunachosha, hasa nyaya nyembamba. Hizo ni afadhali ziuzwe na maganda yake.

Kava la kompyuta ya mezani ni bati la chuma: zito, lakini bei yake kwa kilo ni ndogo. Kipoza joto kilicho juu ya prosesa mara nyingi ni alumini. Pawa saplai ina koili za shaba, ila huweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa ukutani, hivyo isifunguliwe na asiye fundi. Kuhusu mazabodi, dhahabu imo, lakini moja haina hata gramu moja. Anayejaribu kuitoa kwa tindikali nyumbani ataambulia mvuke wa sumu. Iuzwe nzima. Kuna viwanda maalumu nje ya nchi vinavyoyeyusha mbao hizo kwa tani, na tangu 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel unataka nchi inayopokea taka za kielektroniki itoe ridhaa kabla hazijasafirishwa.

Monita za chogo zinahitaji tahadhari ya pekee. Kioo cha moja tu kinaweza kuwa na kilo nzima ya madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Wengi huivunja ili wapate koili ya shaba iliyo shingoni, kisha kioo hutupwa mtaroni. Isivunjwe kabisa. Monita bapa za zamani nazo zina vijitaa vyembamba vyenye zebaki.

Kanuni za usimamizi wa taka za kielektroniki za mwaka 2021, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, zinamtaka anayekusanya, kusafirisha au kurejeleza taka hizi awe na kibali kupitia NEMC. Mkazi ana haki ya kumwomba mnunuzi akionyeshe. Palipo na uchomaji, taarifa ipelekwe kwa Afisa Afya au Mtendaji wa Kata.

Kabla mkokoteni haujaondoka, toa diski ya kuhifadhia kumbukumbu. Kufuta mafaili au kufomati kwa haraka hakuondoi kila kitu. Picha za familia na nakala za vitambulisho huweza kurudishwa na mwenye programu ya kufufua mafaili. Fundi anaweza kuifuta kikamilifu. Ikiwa imekufa, itobolewe kwa drili kupitia sahani za ndani, kisha iuzwe pamoja na alumini nyingine.