Madoa yakitoweka, samaki wa baharini huenda bado ni mgonjwa

MFUGAJI wa samaki wa mapambo wa baharini anayeishi Buruburu, Umoja au Donholm yuko zaidi ya kilomita 400 kutoka Bahari Hindi. Tangi la kioo lililo sebuleni ndilo bahari yote waliyo nayo samaki wake. Ugonjwa ukiingia humo hawana pa kukimbilia, na mgeni mmoja aliyeambukizwa anaweza kuwaangamiza wote.

Ugonjwa unaowasumbua wafugaji wengi ni ule wa madoa meupe, ambao husababishwa na kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans. Samaki huonekana kana kwamba amenyunyiziwa chembe za chumvi. Hujisugua kwenye mawe, hupumua kwa kasi na kukataa chakula. Kangaja ni miongoni mwa samaki wanaoathirika upesi. Iwapo mwili umefunikwa na unga laini wenye rangi ya dhahabu, huenda huo ni ugonjwa wa Amyloodinium, ambao huweza kuua kwa siku chache.

Hata hivyo, si kila samaki anayehema ana vimelea. Aghalabu tatizo huwa ni maji yenyewe. Amonia itokanayo na kinyesi na mabaki ya chakula huunguza matamvua, na umeme ukipotea pampu husimama na hewa hupungua majini. Klorini ya maji ya mfereji nayo ni sumu kwa samaki, kwa hivyo sharti iondolewe kwanza. Chumvi ya jikoni haiwezi kuchukua nafasi ya chumvi maalumu ya tangi, kwa kuwa haina madini yote ya bahari. Wakati wa baridi ya Julai, tangi lisilo na kifaa cha kupasha maji joto huwadhoofisha samaki waliozoea nyuzi 25 na zaidi. Kwa sababu hizo, maji yapimwe kabla ya dawa yoyote kununuliwa.

Kosa kubwa hufanyika madoa yanapotoweka. Kimelea hukaa mwilini kwa siku 3 hadi 7, kisha huanguka chini ya tangi na kujifungia ndani ya ganda, ambamo hugawanyika. Baadaye vimelea vichanga, hata mamia, hutoka kutafuta samaki. Dawa huviua vikiwa katika hali hiyo ya kuogelea tu. Mfugaji anayeacha tiba mapema huvipa nafasi ya kurudi kwa wingi zaidi.

Tiba ifanyiwe katika chombo cha pembeni, kama vile ndoo kubwa ya plastiki yenye pampu ya hewa, bila mawe wala mchanga. Dawa ya shaba hutumiwa kwa wiki 3 hadi 4. Kwa shaba ya kawaida, kiwango ni miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa kila lita, nacho hupimwa kila siku. Aina nyingine hufuata maagizo ya kibandiko. Ikizidi huua samaki, ikipungua haitibu. Shaba isitiwe kamwe katika tangi lenye matumbawe, kamba au konokono, kwani itawaua. Tangi kuu nalo libaki bila samaki kwa wiki 6 hadi 10 ili vimelea vife kwa kukosa pa kuishi.

Vidonge vya binadamu vya kuua bakteria haviponyi madoa meupe. Badala yake, huweza kuua bakteria wema wanaosafisha maji. Vilevile, mwenye kidonda mkononi asiutie tangini bila glavu, kwa kuwa bakteria aitwaye Mycobacterium marinum humwambukiza binadamu ngozi.

Kinga ni bora kuliko tiba. Kila samaki mgeni atengwe kwa siku 30 kabla ya kuungana na wenzake. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na katika tangi la samaki ukuta huo hujengwa kwa gharama ya uhai wa samaki wote.