Kila spesa mahali pake: kufunga gurudumu la nyuma la Honda CG125 ya zamani

Anayenunua Honda CG125 ya miaka ya 1970 au 1980 mara nyingi huletewa pikipiki iliyokwisha kufunguliwa. Fremu iko pembeni, injini iko kwenye kasha, na nati, washa na spesa zimechanganywa pamoja ndani ya kopo la rangi. Wengi huanza kuhangaikia injini, ingawa hiyo haina haja ya kumtisha mtu. Honda iliiunda kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa mzigo mzito na hupata matunzo haba, ikatumia fito za kusukuma vali badala ya cheni ya kamshafti. Viwanda vya China viliiga injini hiyo kwa wingi, na bodaboda nyingi za Afrika Mashariki ni za ukoo wake, kwa hiyo fundi wa kuifahamu hakosekani. Kinachowapiga watu chenga ni lile kopo la spesa.

Spesa ni kipande cha bomba la chuma kinachovalishwa kwenye ekseli. Ekseli ya nyuma ni mfano wa kijiti cha mshikaki. Inaingia upande mmoja wa swingamu, inapita kwenye spesa ya upande wa cheni, beringi ya kwanza, bomba la kati lililofichwa ndani ya habu, beringi ya pili, bamba la breki na spesa ya upande wa breki, halafu inatokea upande wa pili wa swingamu inakofungwa nati. Nati ikikazwa, vitu vyote hivyo hubanana na kuwa nguzo moja isiyozunguka. Ringi za ndani za beringi ni sehemu ya nguzo hiyo. Ringi za nje ndizo zinazozunguka pamoja na habu, rimu na tairi.

Kipande chenye kazi kubwa kuliko vyote ni kile kisichoonekana, yaani bomba la kati. Hilo ndilo linalozipa umbali ringi za ndani za beringi mbili. Likikosekana, au likiwa fupi kuliko inavyotakiwa, nguvu yote ya nati huzisukuma ringi hizo kuelekeana huku zile za nje zikiwa zimekwama kwenye habu. Gololi hubanwa upande, na beringi mpya huanza kupata moto na kuunguruma kabla haijazoea barabara.

Dalili yake hujulikana hapohapo gereji. Gurudumu linazunguka vizuri nati ikiwa legevu, kisha linakuwa zito kadiri nati inavyokazwa. Wapo mafundi wanaotibu tatizo hili kwa kuilegeza nati kidogo. Hiyo si tiba, maana nati ya ekseli iliyolegea inaweza kufunguka njiani.

Beringi nazo zina utaratibu wake. Chukua ya namba 6302, inayotumika kwenye mashine za kila aina: tundu lake ni milimita 15, kipenyo cha nje 42 na unene 13. Namba hizo ni za kimataifa, hivyo beringi yenyewe hupatikana kwa urahisi, lakini namba haisemi lolote kuhusu bomba la kati. Fundi hugonga beringi ya kwanza hadi ikae kwenye kitako chake, akitumia soketi inayogusa ringi ya nje peke yake. Kisha anageuza habu, anaingiza bomba la kati, na kugonga beringi ya pili mpaka ringi yake ya ndani iguse bomba. Hapo anaacha. Akisahau bomba, hana njia nyingine ila kung'oa beringi na kuanza upya.

Kwenye pikipiki nyingine kazi hii huwa ngumu zaidi. BMW R75/5, iliyoanza kuundwa Spandau, Berlin, mwaka 1969, hutumia beringi za roli zilizolala mshazari. Kati ya beringi zake kuna ringi nyembamba ambayo unene wake huchaguliwa kwa kupima. Sehemu chache za mia za milimita zinatosha kuifanya beringi icheze au ibanwe kupita kiasi. CG125 haidai usahihi huo, lakini kanuni ni ileile: urefu wa spesa haukadiriwi kwa macho.

Spesa za nje ndizo hubadilishana nafasi. Kabla ya kukisia, mwenye pikipiki azisafishe kwa dizeli na kuziangalia kwenye mwanga. Spesa iliyokuwa ikipita ndani ya oili sili huwa na mkanda unaong'aa, mahali mdomo wa sili ulipoisugua kwa miaka. Upande wenye mkanda huo unaelekea ndani. Upande wa pili aghalabu huwa na alama ya kubanwa na chuma cha swingamu. Ukucha ukinasa kwenye mkanda, tayari kuna mfereji, na vumbi na maji vitapenya hata kama sili ni mpya. Spesa hiyo ibadilishwe.

Isipopatikana dukani, wakereza chuma wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa mitaa ya jua kali jijini Nairobi wanaweza kuitengeneza, mradi wapewe kipimo sahihi na ncha zote mbili zikerezwe zikae sambamba. Kipande cha bomba la maji kilichokatwa kwa msumeno hakifai. Ncha zake huwa zimeinama, na nati ikikazwa huisukuma ekseli upande.

Baada ya hapo ndipo mstari unapimwa, na vipimo ni viwili tofauti. Cha kwanza ni cha magurudumu: uzi unyooshwe kando ya tairi la nyuma hadi la mbele, pande zote mbili, na mianya ya mbele ilingane. Cha pili ni cha sproketi: mtu achuchumae nyuma ya pikipiki na kutazama cheni kwa urefu wake. Magurudumu yakiwa yamenyooka lakini cheni inapinda, kosa liko kwenye spesa au sproketi. Kulipindisha gurudumu ili cheni inyooke ni kuhamishia kosa hilo barabarani.

Cheni ilegezwe kwa kipimo cha kitabu cha mtengenezaji, ikipimwa mahali inapokaza zaidi, na upande uliozibwa wa klipu yake uelekee inakokwenda cheni. Mkono unaozuia bamba la breki nao ufungwe kwa bolti yake na pini. Ukiachwa wazi, dereva akikanyaga breki bamba huzunguka na gurudumu linaweza kujifunga ghafla.

Kwa hiyo anayekusudia kufungua gurudumu la pikipiki ya zamani apige picha kila upande kwanza, kisha azifunge spesa kwa waya kwa mpangilio zilivyotoka. Aliyeletewa kopo la mchanganyiko apime kila kipande kabla ya kununua beringi. Na baada ya safari fupi ya kwanza, nati ya ekseli na mvutano wa cheni vikaguliwe tena.