Kabla Hujanunua Pampu ya Waipa

Anayeendesha gari jioni kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro hulikabili jua uso kwa uso. Likishashuka, vumbi ambalo mchana halikuonekana hugeuka pazia jeupe kwenye kioo, na waipa zikipita kavu hulipaka tu huku na huku. Dereva hamwoni tena anayevuka barabara. Kwa hiyo maji ya waipa siyaiti anasa. Kwangu yamekaa karibu na breki.

Yangu yalipokata, fundi aliinua boneti na kutamka papo hapo: pampu imekufa. Nikanunua mpya, ikafungwa, maji yasitoke. Kumbe mpira wa maji ulikuwa umepasuka kwenye bawaba ya boneti, pale unapokunjwa kila boneti inapofunguliwa. Pampu ya zamani ilikuwa nzima.

Pampu hiyo ni mota ndogo ya umeme wa volti 12 yenye feni ya plastiki. Kwa kawaida huchomekwa chini ubavuni mwa tangi, kupitia raba, kwa sababu haina uwezo wa kuvuta maji kutoka mbali. Huletewa maji kwa uzito wa maji yenyewe, nayo huyasukuma.

Kipimo cha kwanza ni sikio. Zungusha ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, injini isiwake, kisha mwenzako abonyeze swichi ya maji nawe usikilize karibu na tangi. Ikinguruma, umeme unafika na mota inazunguka. Hakikisha tangi lina maji, kisha chomoa mpira kwenye pampu ujaribu tena. Maji yakiruka kwa nguvu, tatizo liko mbele: mpira umetoboka, kiungo kimeachia au nozeli zimeziba. Nozeli huzibuliwa kwa sindano nyembamba, taratibu, zisije zikapanuka. Maji yakitoka kwa unyonge, tazama chujio kwenye raba kabla ya kuilaumu pampu, maana utelezi wa kijani hujikusanya hapo.

Ikiwa kimya, anza na fyuzi. Fyuzi mpya ikiungua mara tu swichi inapobonyezwa, huenda pampu imekwama au waya umechubuka na kugusa bodi. Usiweke fyuzi yenye ampea nyingi zaidi. Waya ndio utakaoungua badala yake.

Fyuzi ikiwa nzima, chomoa plagi ya pampu upime umeme swichi ikiwa imebonyezwa. Hapa wengi hudanganyika. Waya ulioliwa na kutu, ukabaki na nyuzi mbili tatu, bado unaweza kuonyesha volti 12 kwenye mita, kwa kuwa mita haivuti karibu umeme wowote. Ukidaiwa umeme wa kuzungusha mota, unashindwa. Taa ya kupimia yenye balbu ni shahidi bora, kwani balbu hula umeme. Iunge kwenye pini zote mbili za plagi, ili waya wa athi nao ujaribiwe. Ikiwaka vizuri na pampu bado imenyamaza, sasa una haki ya kununua nyingine.

Baadhi ya magari yenye waipa ya nyuma hutumia pampu moja kwa vioo vyote viwili: mota ikizunguka upande mmoja maji huenda mbele, ikigeuzwa huenda nyuma. Kioo kimoja kikipata maji na kingine kikose, mota haijafa.

Kinachoziua pampu mara nyingi ni kuzungushwa bila maji, pamoja na maji ya chumvi ya kisima na sabuni ya unga, ambayo huacha mashapo. Dawa ya kusafishia vioo iliyotengenezwa kwa magari ni bora.

Kubadilisha si kazi ngumu. Taabu ni kufika ilipo, kwa kuwa katika magari mengi lazima ufungue plastiki ya ndani ya madigadi au ushushe bampa. Zima gari, tega beseni, chomoa plagi na mpira, kisha ivute pampu huku ukiizungusha kidogo. Osha tangi. Raba iliyokakamaa ibadilishe, na mpya ilainishe kwa maji matupu, kwani grisi na oili huivimbisha. Sukuma pampu mpya hadi ikae, jaza tangi, na subiri dakika kadhaa ukiitazama raba kama inavuja, kabla hujarudisha bampa.